T Laini ya Memsabu

Leo nimepigiwa makofi, na sijawahi kuona aibu kama hiyo.

Mimi ni mpishi wa memsabu Mrusi hapa kwenye shamba la chai. Alikimbia mapinduzi kwao, hana wa kuongea naye lugha yake. Kwa hivyo ananifundisha Kirusi jikoni.

Wana T ngumu na T laini. Ile laini unainua ulimi mpaka kwenye kaakaa, kama unataka kusema "ti" halafu unajizuia. Neno lao la mama linaishia nayo. Nimelirudia nikimenya viazi mpaka taya likauma.

Leo nikambebea memsabu kibuyu cha mursik. Mama ndiye aligandisha hayo maziwa. Alisema mwalimu wa mtoto wake ni mtu wa nyumbani.

Nakuta wageni.

"Waambie lile neno la mama!" memsabu akaniamuru.

Nikasema. T laini kabisa! Wakapiga makofi, wakacheka.

Mgeni mmoja akauliza, "Anaitwa nani?"

Memsabu akaniangalia. "Sijui. Majina yao ni magumu mno."

Kipng'etich, jamani. Kipng'etich tu!

Kibuyu nimerudi nacho.

Mama ameuliza kama mwalimu amefurahi. Nyinyi mngemjibu nini?