Ya Latifu, Siku ya Moshi wa Magongo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa mke kijana hapa Magongo, mimba yangu ya kwanza imeanza kunielemea. Nilikuwa naanika nguo uani nikaona moshi mweusi umepanda upande wa ghala alikofanya kazi mume wangu, Athman. Nikampigia simu. Haishikwi. Nikapiga tena na tena mpaka vidole vikafa ganzi.

Mavyaa wangu, Bi Rukia, mamake Athman, alikuwa mtu wa dhikri. Yeye ndiye aliyenifunza kuleta uradi, kulitaja jina la Mola tena na tena, baada ya swala ya alfajiri, polepole, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Siku ile nilinyakua tasbihi nikakaa mkekani, "Ya Latifu, Ya Latifu," mbio mbio, hata jina lenyewe likawa halisikiki. Niliona nikinyamaza tu, Athman atakufa. Hofu ndivyo ilivyo, mwanangu. Humfanya mtu adhani Mola amelala, ataka kuamshwa.

Mara mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yetu Mama Mwende, Mkristo, mtu wa bara. Mumewe alifanya kazi ghala lilo hilo. Alisimama kizingitini bila viatu, akilia.

"Mama, mumepata habari yoyote?"

Nikamwashiria kwa mkono angoje, nisikatize uradi. Bi Rukia, aliyekuwa kando yangu mkekani, akanishika mkono ule ule.

"Salma, wamwita nani?"

"Mungu, mama."

"Na huyu aliye mlangoni kaletwa na nani? Inuka. Dhikri haikatiki kwa kumshika mwenzio. Taja huku wenda, na utaje kwa pumzi, si kwa pupa."

Tukatoka, mimi na Mama Mwende. Sitakudanganya, hofu haikuniacha. Lakini kila nilipovuta pumzi nilitaja, na Mama Mwende, mkono wake mkononi mwangu, akiomba kwa Kikamba. Langoni pa ghala tulimkuta mumewe ameketi chini, mweusi kwa masizi, mzima. Akatuambia Athman keshapelekwa hospitali. Nilitaka kuanguka, na ni Mama Mwende, aliyekwisha kumpata wake, aliyenidaka akapanda nami tuktuk, asiniache.

Athman aliishi, alhamdulillahi, ila kifua chake hakikurudi kama zamani. Mpaka leo akikohoa chumba cha pili moyo wangu hushtuka. Nami hutaja, polepole, huku nampelekea maji.

Basi, mwanangu, mtaje Mola wako hata ukiwa na hofu. Usingoje moyo utulie kwanza. Lakini usiifanye dhikri komeo la kuwafungia watu nje. Wazee hawakukosea waliposema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Ulimi na utaje, mkono nao ufungue mlango. Mungu akurudishie salama kila unayemngoja, na siku asiporudi, akuwekee karibu mtu wa kukushika. Amin.