Limi na Majina ya Mitungi

Ugonjwa wa malale ulipomchukua mumewe, Justa alirudi kwao Ushirombo na bintiye Limi, akashika tena kazi ya mamaye, kufinyanga. Mitungi yake haikuvuja, wanawake waliifuata hata kutoka Runzewe. Shida yake ilikuwa Limi.

Misheni ilitaka kila mtoto asome katekisimu mwenyewe kabla ya Komunyo ya kwanza. Kengele ya darasa ikilia, Limi alitokomea kwenye mtama. Justa alimkemea, siku moja akamchapa. Mtoto akazidi kuwa bubu mbele ya kitabu.

"Kwani kuna nini, mwanangu?" alimuuliza hatimaye, wakiponda udongo.

Limi hakuinua macho. "Nikisoma 'Maria' inatoka 'Malia'. Wanacheka wote. Hata mwalimu."

Justa mwenyewe alisali "Malia" tangu abatizwe.

Kesho yake alimwendea katekista Stanslaus.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele, amina. Mtoto yuko wapi, Mama Limi?"

"Amejificha. Haogopi herufi, mwalimu. Anaogopa kuchekwa, na wewe ulicheka."

Stanslaus alikuna kichwa. "Nilicheka kweli. Sasa tufanyeje?"

"Nichoree herufi za jina lake kwenye kigae hiki. Tutajaribu nyumbani."

Limi alikuwa na mkono mzuri wa kutia nakshi. Justa akampa mtungi mbichi na kijiti, akamwambia leo aache mistari, atie jina lake. Limi akakosea, akapitisha kidole chenye maji, kosa likafutika, akaanza upya. Jirani yao Mageni alipouona mtungi ule umeshachomwa, akataka na wake uandikwe jina, maana kisimani mitungi ilifanana, ugomvi haukwisha. Wengine wakafuata. Kila lilipotakiwa jina jipya, Limi alikimbia mwenyewe kwa Stanslaus kuuliza herufi.

Siku moja wanawake wawili walikuwa wakivutania mtungi kisimani. Limi akajipenyeza, akaweka kidole shingoni mwa mtungi. "Eu-fla-sia," akasoma. Eufrasia akajitwika mtungi wake, akamshukuru. Hakuna aliyecheka.

Pasaka ilipokaribia, Stanslaus aliwapima watoto kusoma. Justa alisimama nje ya dirisha, mikono imejaa udongo. Limi alisoma kwa kusitasita, akafika kwenye jina lile, likatoka "Malia". Mtoto mmoja akaanza kucheka. Stanslaus akamkazia macho, kisha akamgeukia Limi.

"Endelea, mwanangu. Nakusikia vizuri."

Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Justa aliketi pale pale kwenye nyasi, akicheka na kulia, akijifuta uso kwa mikono ile ile.

"Mama, uso wako!" Limi alishangaa alipotoka.

"Uache tu. Twende tukale. Tangu asubuhi sijaweza kumeza kitu."