Nilivyofungwa Taya, Nikaliliwa Mzima

Naona aibu hata kuanza, lakini International City nzima hapa Dubai imeshacheka, na nyinyi chekeni mniache nipumzike.

Mnajua taya langu la chini lilikuwa limerudi nyuma kama linaogopa watu (kidevu na shingo kitu kimoja, hata mkufu haujui pa kukaa). Nikafanyiwa operesheni hospitali moja ya Oud Metha, daktari akanieleza taya likivutwa mbele na misuli ya shingo inavutika, ngozi ya chini ya kidevu inakaza, ila kwanza nitavimba na shingo itakuwa ngumu. Nikaamua asijue mtu isipokuwa Njeri, Mkenya ninayekaa naye chumba, maana mimi wageni siwataki, nataka kitanda changu, na (nisiwafiche) nilitaka siku moja nitokeze na taya la kuchongwa, watu wazimie.

Wakazimia kweli.

Njeri alipokwenda kazini aliurudishia mlango tu. Mimi nimelala chali kama nilivyoagizwa, bendeji nyeupe kutoka kidevuni mpaka utosini, shuka jeupe kifuani kwa baridi ya eisi. Akaingia jirani yetu Bi Zuhura, mama wa Unguja, kuazima blenda; na yeye kaosha maiti wengi, anajua nani hufungwa taya namna ile.

"Inna lillahi! Mtoto wa watu kafa!"

Nikataka kusema sijafa, meno yamefungwa raba, ikatoka "mmmh". Nikataka kumgeukia, shingo ikagoma, nikainuka mzima mzima kama ubao. Bi Zuhura huyo, mbio koridoni, na ujumbe wake wa sauti kwenye grupu letu la WhatsApp ukamfikia mama yangu kule Tanga kabla sijapata kandambili.

Hapo moyo ukanilipuka, mama ana presha. Nikatoka nikampigia video, korido imejaa watu wanalia. Mama akafuta machozi, akaikazia macho simu.

"We nani? Mwanangu hana shingo hiyo."

"Mmmh!" nikasema.

"Ndo yeye, dada," Bi Zuhura akadakia kwa mbali, "kafufuka na kidevu kipya!"

"Basi anune. Saumu akinuna namjua."

Nikanuna, mbele ya korido nzima, taya bichi linauma mpaka machozi yananitoka. Mama akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi, ndiye. Mnuno huo hakuna daktari wa kuupasua."

Khalas, nimeapa: hata nikienda kung'oa jino nitatangaza kwenye grupu. Na nyinyi, mkinikuta nimelala chali, jamani, nitikiseni kwanza ndiyo mlie.