Kioo cha Hamisi Hakikuaga

Nani kakwambia imekufa? Taa inawaka, feni inaunguruma, halafu wewe unaniambia laptop imekufa kwa sababu tu umechomoa waya wa kioo cha mezani na madirisha yako huyaoni. Na usinijibu kwamba nasaha waachiwe wazee. Najua sina mvi. Najua nina mdomo, na hasira zangu zinajulikana stendi nzima ya Same. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, sikulisoma mahali. Kwa hiyo toa kidole kwenye hiyo swichi, mwanangu, unisikilize.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ndani ya ile miaka tuliyokuwa tunasema vyuma vimekaza. Biashara ilishaachiwa huru zamani, kila mtu anafungua duka analotaka, laptop za mtumba zinashushwa kwenye mabasi kama viatu, ila wa kununua hayupo. Kule tambarare mashamba ya mkonge yalikuwa yanapunguza watu. Mimi na rafiki yangu Hamisi tulikuwa na kibanda cha steshenari karibu na stendi: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi. Laptop ilikuwa yangu, imechubuka, kioo chake kidogo. Kioo kikubwa cha mezani kilikuwa cha Hamisi, na yeye ndiye alikuwa akikaa mbele yake na kibodi yake, mteja pembeni akiona kila neno linavyoandikwa.

Hakuna aliyetufundisha. Windows ilikuwa inajaa virusi vya flashi za wateja, tukachoka, tukaweka mfumo mwingine, Linux. Tena ile ya vitufe, ambayo madirisha hayapandani, yanajipanga yenyewe ubavu kwa ubavu kama vigae. Kila kundi la madirisha tukaliita chumba, na kila chumba kina namba. Moja mpaka tano vinafungukia kwenye kioo changu, sita mpaka kumi kwenye kioo cha Hamisi. Ukisukuma mshale wa kipanya kulia, unatoka kwangu unaingia kwake. Tulicheka mpaka machozi siku ilipokubali.

Watu walikuwa wakimwita Hamisi mtu wa kuja. Eti kwa sababu baba yake alitoka Kasulu kuja kukata mkonge. Mtu wa kuja vipi, wakati kazaliwa hapahapa, anakula makande kunishinda mimi Mpare? Nilishagombana na makondakta kwa ajili hiyo, na leo ukilisema mbele yangu nitagombana na wewe. Lakini baba yake alipoachishwa kazi, na kifua nacho kikawa kinambana, mzee akasema anarudi kwao. Hamisi akasema siwezi kumwacha baba asafiri peke yake. Walipanga kuondoka Jumamosi. Nilishamwambia mama awapikie chakula cha njiani.

Basi katikati ya wiki akaja bibi mmoja kutoka Chome, juu mlimani, amejifunga kitenge cheusi. Mume wake amefariki, mazishi ni siku hiyo hiyo mchana, na anataka wasifu wa marehemu usomwe kanisani. Akakaa karibu na Hamisi akaanza kusimulia: mzee alizaliwa wapi, alilima nini, alivyomchumbia. Hamisi anaandika. Karatasi zikawa zimeisha, mimi nikatoka kutafuta rimu, na duka la kwanza hawakuwa nayo.

Niliporudi, nusu ya meza ilikuwa tupu. Pale kilipokaa kioo kimebaki kipande kisicho na vumbi. Waya wa VGA, ule uliokuwa unakiunganisha na laptop, unaning'inia.

Bibi akaniambia taratibu kwamba mwenzangu ameondoka. Lori la mzigo limewapa lifti yeye na baba yake, na dereva hataki kusubiri. Akaniambia alisimama pale mlangoni, ile televisheni yake ameikumbatia, anaangalia njia niliyoendea, mpaka baba yake akaja kumvuta shati.

Mimi sikusikia hayo ya kusimama. Nilisikia ameondoka tu. Miaka yote ile, hajaniaga.

Nikaigeukia laptop. Kioo changu kilionyesha chumba changu, kitupu. Nikabonyeza namba saba, chumba alichokuwa anachapia kazi ya bibi. Hakuna kilichotokea. Nikasukuma mshale kulia, ukafika ukingoni, ukapita, ukapotea. Nikamuuliza bibi kama Hamisi alihifadhi ile kazi. Akasema hajui kuhifadhi ni nini, anachojua walikuwa kwenye sentensi ya mwisho wakati honi inapigwa. Nje, gari la Chome lilikuwa linajaza abiria. Likiondoka hilo, hakuna jingine litakalomfikisha kabla ya mazishi.

Nikaweka kidole kwenye swichi ya kuzimia. Nikasema iwashwe upya, liwalo na liwe.

Bibi akanishika kiganja. Yule mama alikuwa na mkono mgumu, mkono wa jembe.

"Toa mkono wako, mwanangu. Mume wangu yumo humo."

"Bibi, hii imekufa."

"Aliyekufa ni mume wangu. Hiyo inapumua, naisikia."

Unajua sisi vijana tunaitana mwanangu mtaani kwa utani, mwanangu huku, mwanangu kule. Yeye alilitamka kwa maana yake, nikajikuta natii. Akaniuliza kama mwenzangu ameniaga. Nikasema hajaniaga, na asinitafute maisha yake yote. Akaangalia ile nusu ya meza.

"Na hii mashine je, ameiaga?"

Nilitaka kumcheka. Bibi wa watu, tuna dharura, ananiletea habari za kuaga mashine. Halafu nikauangalia tena ule waya. Kwa sababu kweli, nani kaiambia? Waya umechomolewa tu. Hakuna aliyeiamuru ikizime kile kioo. Kwa akili yake, kioo cha Hamisi bado kipo pale kulia, na mimi ninapobonyeza saba inatii, inafungua chumba cha saba hukohuko, kwenye kioo ambacho sasa kiko juu ya lori.

Nikabonyeza vitufe vya kufungua dirisha la amri. Likafungukia huko huko kwa Hamisi, silioni. Nikaandika gizani, herufi kwa herufi, ule mstari wa kuiambia kwamba kioo cha nje kimezimwa. Kimya. Nilikuwa nimekosea herufi. Nikauandika tena polepole kama mtu anayesaini cheti cha ndoa.

Kioo changu kikafumba, kikafumbua. Chini, ile safu ya namba ikarefuka: sita, saba, nane, zote zimekuja. Na chumba cha saba, "Wasifu wa Marehemu", maneno yote yapo, sentensi ya mwisho imekatikia katikati.

Bibi alisogea akasoma kwa kidole. Mimi huku nikifungua vyumba vingine kuangalia kama kuna kilichopotea, nikakuta mambo ya Hamisi yote yamehamia kwangu, yamebanana kwenye kioo kidogo. Matokeo ya mpira. Ramani ya barabara mpaka Kasulu, ameikuza karibu sana, kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Picha yetu wawili tuliyopigwa Usangi, mimi nimefumba macho.

Bibi akaniambia nimalizie ile sentensi: kila alipotoka nyumbani alikuwa ananiaga. Akasema mzee wake alikuwa anaaga hata akienda zizini tu kuangalia ng'ombe. Ila asubuhi ile ya mwisho mzee alimkuta mkewe amelala, akamhurumia, akatoka bila kumwamsha, na hakurudi akiwa hai.

"Umemkasirikia?" nikauliza, maana mdomo wangu haujui kukaa.

"Nilimkasirikia mpaka jana. Leo nakwenda kumuaga mimi. Asiyeweza kukuaga, wewe ndiye umuage. Na huyo wa kwako ana simu."

Nikaprinti, nikamkimbizia karatasi mpaka mlangoni mwa gari, nikamwambia shikamoo badala ya kwaheri kwa kuchanganyikiwa. Akaitikia marahaba bila kucheka. Halafu nikapiga.

Hamisi akapokea, lori linaunguruma, nadhani walikuwa wanakaribia Mwanga.

"Mwanangu," akasema.

"Mwanangu," nikasema.

Yale yote niliyokuwa nimeyapanga, matusi na lawama, hata moja halikutoka. Tukawa tunasikiliza lori tu. Mwishowe akauliza, "Bibi kapata karatasi zake?" Nikamwambia kapata. Akasema basi vizuri. Nikamwambia safari njema, msalimie mzee, na kwamba nimemuaga rasmi asije akasema sikumuaga. Akacheka kile kicheko chake. Mtandao ukakata.

Aliniandikia mara chache kutoka Kasulu, baadaye ile namba ikawa haipatikani. Nimeuliza kwa watu wa mkonge waliobaki, hakuna anayejua. Nina kioo kingine cha mezani sasa, chepesi, kizuri. Nimekiweka kushoto. Kulia sijaweka kitu. Na kwenye faili la mipangilio, ule mstari unaosema sita mpaka kumi ni vya kioo cha kulia upo mpaka leo; mashine inausoma kila ikiwaka, haikioni hicho kioo, inaendelea na kazi zake. Kuna siku mkono wangu unasukuma mshale kulia wenyewe, unagonga ukingo, unasimama.

Sasa ya kwako, mwanangu, nayasema wazi. Ukitaka kuondoa kioo, iambie mashine kwanza, ndipo uchomoe. Ukiwa umeshachomoa, usizime kwa hasira. Vitu vyako havijapotea, vinasubiri upande ambao huuoni, na mstari mmoja unavirudisha, hata ukiuandika gizani. Na watu ni hivyohivyo. Anayeondoka ghafla huenda alisimama mlangoni akikutafuta, ila wewe ulikuwa umekwenda kutafuta karatasi. Usikae ukisubiri kuagwa. Aga wewe, mapema, wakati namba inaita.

Mungu akulindie macho na mikono yako, akupe mwenza wa kukaa naye meza moja, na akiondoka, njia yake iwe nyeupe.

Na yule wako aliyeondoka bila kukuaga, unayejifanya umemsahau, utampigia leo au unasubiri namba yake isipatikane?