Unga wa Regina Kanisani Chartres

Regina wa Matombo hakwenda Ulaya kutembea. Alikwenda kubeba mtu. Mwaka hamsini na tatu miguu ilimwisha nguvu Sista Klementina, ambaye Regina alimpikia tangu ujana pale misheni, akarudishwa kwao Ufaransa, mji wa Chartres. Sista akasema bila Regina hapandi meli.

Lakini Regina alikuwa na lake moyoni. Binti yake wa pekee, Theresia, aliolewa zamani na hazai. Nasi Waluguru ukoo tunafuata kwa mama. Theresia asipopata binti, ukoo ndio umekwisha, na lile shamba la bondeni linakwenda kwa wengine. Basi aliposikia huko Chartres kuna kanisa la kale linalotunza nguo aliyovaa Bikira Maria akijifungua, alifunga unga wa mtama kwenye pindo la khanga, akanyamaza.

Kanisa lenyewe kubwa, baridi kama pango la popo. Watalii tele, shingo juu, wanatazama vioo vya rangi utadhani wanangoja fenesi lidondoke. Regina akamsukuma Sista kwenye kigari chake mpaka penye nguzo iliposimama sanamu ya Bikira. Akaduwaa. Bikira mweusi, mweusi kabisa, kama mashangazi zake wa Mkuyuni.

"Sista, mbona hamkutuambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba ni wa kwetu."

"Ni mti tu, Regina. Mti umezeeka, ukawa mweusi."

Regina hakulisikia hilo la mti. Aliona watu wanawasha mishumaa, wanabusu nguzo, na hakuna hata mmoja aliyemletea mama wa watu chakula. Akapiga magoti, akamwaga unga chini ya nguzo kama wafanyavyo kwao kwenye makaburi ya wakubwa, akaanza kuwataja bibi zake mmoja mmoja.

Mlinzi wa kanisa akaja mbio na ufagio. Sasa, tambiko haliondolewi na aliyelitoa. Linaachiwa sisimizi na upepo. Likizolewa papo hapo, ombi nalo limezolewa. Regina akaukalia ule unga, na makalio Mungu hakumnyima.

"Inuka, Regina. Anasema unachafua."

"Mwambie mishumaa yake inadondosha nta, mbona haifagii?"

"Huu ni upagani."

"Sista, wewe umebusu nguzo sasa hivi, nimekuona."

Sista akakohoa. Watalii wakaviacha vioo, wakaja kumpiga picha. Mwishowe mlinzi akaita mwenzake, wakamnyanyua Regina kama gunia la viazi, na mlinzi akafagia mwenyewe.

"Haya," Regina akasema, akijikung'uta. "Amechukua mwenye nyumba. Si mimi niliyeondoa."

Alirudi Matombo, na mwaka wa pili Theresia akajifungua. Padre akasema ni Bikira. Wakwe wakasema ni unga. Gabrieli, mume wa Theresia, akauliza kama yeye hakusaidia hata kidogo.

Mtoto alikuwa wa kiume.

Regina akambeba mpaka kanisani, akasimama naye mbele ya sanamu ya Bikira, ile nyeupe ya misheni.

"Asante, Mama. Mzuri, ana pua ya babu yake. Ila watoto wake watakuwa wa ukoo wa mkewe, wewe unajua. Yule mlinzi wako alinikatiza, nilikuwa nimefika kwa bibi wa tatu. Nilitaka wa kike."