Kioo cha Karakana ya Chapa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya chapa, hapa Lamu mjini, Fundi Mkuu alinikabidhi kioo cha kunyolea chenye ufa. Nilitoka kwenye kuchonga milango, nikadhani ananikejeli.

"Huku kila kitu hutoka kinyume, Bwana Athmani," akasema. "Mkono wa kulia ubaoni, kwenye karatasi ni wa kushoto. Usimwate mtu akakata ubao hujautizama kwa kioo."

Nyinyi vijana mmezoea mashine, kwa hiyo nieleze. Mchoro ulipigwa ubaoni kwa penseli. Palipotakiwa kubaki peupe palichimbwa kwa bobari, yaani patasi yenye mdomo wa mviringo. Palipobaki palipakwa wino kwa rola, karatasi ikalazwa juu na kusuguliwa kwa mgongo wa mwiko. Kilichochimbwa hakirudi, ndiyo maana mwenye kioo aliheshimiwa, nami heshima ile niliipenda mno.

Fundi Mkuu alipostaafu tuliletewa Msimamizi, mama wa bara, mpole lakini mkali wa kazi. Yeye ndiye aliyemwajiri Shee, kijana wa kijiji cha Chundwa. Shee alichonga wavu hata ukataka kutia kidole matunduni. Mimi miaka yote wavu wangu ulikuwa mistari tu. Msimamizi akiingia asubuhi alipita meza yangu kwa salamu, akaenda kusimama kwenye ya Shee. Sitawaficha: nilimwonea wivu.

Ndipo hoteli moja ya Ras Kitau ikaagiza picha kubwa ya karamu ya harusi, wanaume wameketi mkekani kuzunguka sinia la pilau. Shee akachora, akaniita nije nikague.

"Bwana Athmani, ndoo unitizamie."

Nikaweka kioo. Kila mkono uliokuwa siniani ulikuwa wa kushoto. Alisahau kugeuza. Ilikuwa kazi ya penseli na kifutio, asubuhi moja tu.

"Ni sawa?" akauliza.

"Ni sawa," nikamjibu.

Akachimba ubao ule kwa wiki kadhaa, nami nikimwona kila siku. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili Msimamizi akaja kumsifu, nikaufunga.

Siku ya chapa ya kwanza alikuja meneja wa hoteli pamoja na mzee mmoja wa mjini. Shee akabandua karatasi. Mzee akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Harusi ya nani hini, wageni wote wala kwa mkono wa kushoto? Auzubillahi!"

Meneja akacheka, kisha akasema picha ile haiwezi kutundikwa. Msimamizi akanigeukia.

"Athmani, si wewe ndiye wa kioo? Hukuona?"

Kabla sijapata uongo wangu, Shee akanitangulia na wake. "Hakuutizama, Bi. Mimi nalikuwa na haraka, sikumngoya."

Akaniangalia mara moja, bila hasira. Hapo ndipo nilipomchukia kweli, maana hata kwa wema alinishinda.

Ijumaa ile Shee aliachishwa kazi, akarudi Chundwa kulima. Nikapandishwa cheo, nikafundisha wengi, na mwaka jana nikastaafu. Katika hotuba walisifu macho yangu yasiyopitwa na kitu, wakanizawadia kile kioo chenye ufa. Chundwa ni mwendo wa boti tu, na sijawahi kwenda.

Ile chapa moja niliichukua bila ruhusa, ninaiweka sandukuni. Juzi niliitoa nikaielekeza kwenye kioo. Humo ndani wageni wanakula kwa mkono wa kulia, wali unaonekana punje kwa punje, na hakuna kazi yangu hata moja inayoifikia. Nilitafuta kosa jingine hadi adhuhuri. Sikuliona, na roho ikaniuma kwa wivu uleule.