Kucha za Mama Mashuka

Mama Mashuka alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa mtaa, na nyingine ikabaki ya akiba. Aliwadharau wageni wa gesti kwa sababu yeye ndiye aliyekutana na mashuka yao asubuhi, na alisema ukishaliona shuka la mtu huwezi tena kumwamkia kwa moyo mweupe. Aliwadharau mafundi bomba kwa kuogopa kulowa. Alimdharau hata kuku wa jirani, kwamba anatembea kama ana miadi na waziri. Lakini fungu kubwa, lile la kwenye sufuria lenye nyama, aliwawekea wanawake wanaobandika kucha.

"Mtu mzima unajigundisha plastiki vidoleni," alikuwa akisema huku akilipiga shuka kwenye sinki la zege, "halafu unaokota sarafu kama unamtoa mdudu sikioni. Kwani hizo za Mungu zilikukosea nini?"

Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe. Wifi yake, dada wa mume wake, aliishi chumba cha uani, na watu walimwita Kidosho. Kazi yake ilikuwa kuosha nywele saluni. Kutwa mikono imo ndani ya povu, na kucha zake nyekundu hazitikisiki, wiki inakuja wiki inakwenda. Hilo ndilo hasa lililomchoma Mama Mashuka. Lau zingekuwa zinang'oka, angecheka, angemsamehe, mambo yangekwisha.

"Yule haoshi," alimwambia mumewe. "Anatekenya vichwa vya watu."

Mumewe aliitikia mhm, akaendelea kufunga kamba za viatu. Alikuwa mtu wa mhm. Ndoa yao ilidumu kwa hiyo.

Yeye mwenyewe, kufua alikuwa anakujua. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya gesti, chini ya ngazi, kina sinki mbili za zege, mabeseni, ndoo ya dawa ya kung'arisha, na dirisha dogo linalotazama ukuta. Dini yake ya kazi ilikuwa moja, kuloweka. Hakuamini kwamba kitu chaweza kuwa safi kama hakijalala kwanza kwenye maji ya moto na sabuni. Aliloweka mashuka, sawa, aliloweka mapazia, lakini pia aliloweka brashi mpya kutoka dukani, akaloweka mkoba wa ngozi wa mumewe ukatoka umejikunja kama jani kavu. Na hata hapo alisema mkoba ndio ulikuwa na kasoro.

Sasa, dawa ile ya kung'arisha haichagui. Inakula doa, ikikosa doa inakula mkono. Kucha za Mama Mashuka zilikuwa zimebaki nyembamba kama maganda ya kitunguu, njano pembeni, na ngozi ya vidole imepasuka mistari mistari. Muuguzi wa zahanati aliigeuza mikono ile chini ya taa, akasema, "Mama, ukiendelea kuchovya mikono hii kwenye hiyo dawa, ipo siku utashindwa kukunja vidole hivi. Tafuta kazi nyingine."

Mama Mashuka akamdharau na yeye. Kazi nyingine! Kama vile kazi zinaanikwa kambani. Lakini asubuhi iliyofuata alishindwa kufunga kifungo cha gauni, akamwita mumewe amfungie, na siku hiyo hakutukana mtu mpaka saa za mchana. Ilikuwa ajabu.

Basi ikatokea kwamba mwenye gesti, ambaye wote walimwita Bosi, alichoshwa na kijana wa mapokezi. Kijana huyo alivaa tai kila siku, tai ileile, kwa hiyo jina lake likawa Tai. Alipoteza funguo, alisinzia kwenye meza, aliwaita wageni "wewe". Bosi alikuwa mama mnene wa maneno machache. Aliwaita wote wawili.

"Wiki hii mtagawana. Asubuhi Tai yuko mbele, mama unafua. Mchana mama yuko mbele, Tai anafua. Mwisho wa wiki nitasema nani anabaki mbele na nani anakwenda nyuma." Kisha akaitazama mikono ya Mama Mashuka iliyoshikana tumboni. "Ila mgeni akipewa ufunguo, anatazama mkono unaompa. Hiyo yako, mama, itabidi uifanyie kitu."

Tai akacheka puani.

Ndiyo maana jioni ile Mama Mashuka alisimama mlangoni kwa Kidosho, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi kwa adui.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Nipe pakiti moja ya hivyo vitakataka vyako."

Kidosho akasimamisha chanuo kichwani. "Vitakataka vipi tena?"

"Hivyo unavyovaa."

"Makubwa haya! Ingia basi, kaa, nikubandike. Ila wifi, mikono iwe mikavu. Tena usiiguse na..."

"Lete pakiti. Wewe ndiye wa kunifundisha habari za maji? Mimi niliyezeekea majini?"

"Majini umezeekea, wifi yangu. Kwenye kucha bado mchanga."

Mama Mashuka akainyakua pakiti, akaenda zake. Chumbani akafanya kila kitu kwa heshima zote za kazi yake. Alichemsha maji, akatia sabuni, akaloweka mikono mpaka ncha za vidole zikajikunja na kuwa nyeupe. Akaifuta kwa taulo. Akaipaka mafuta kidogo, kwa sababu ngozi ilikuwa inauma. Halafu akatia gundi, akabandika, akazinyoosha mbele ya taa. Zilikuwa za rangi ya maziwa, fupi, za mtu mwenye adabu zake.

"Na kumbe ndiyo kazi yenyewe hii," akamwambia mumewe. "Wanajifanya mainjinia."

"Mhm," alisema mumewe.

Kesho yake mchana alikaa mapokezi, nyuma ya meza ndefu ya mbao, funguo zimening'inia ubaoni nyuma yake. Hakuwa amekaa sana mgeni mmoja akashuka ngazi, mzee mwenye miwani, vidole viwili mbele amebana kitu kama amebeba mkia wa panya.

"Mama, hiki ni nini?"

Mama Mashuka akatazama. Kidole chake kimoja cha kushoto kilikuwa kitupu. Akauondoa mkono wa kushoto juu ya meza, taratibu, akauficha mapajani.

"Naona kama kucha, mzee wangu."

"Na mimi naona ni kucha. Nimejilaza sasa hivi, nimeikuta ndani ya foronya mliyonibadilishia leo. Ilikuwa inanichoma sikio. Ni ya nani?"

"Mzee wangu, gesti inalaza watu wa kila namna. Shukuru haikuja na mwenyewe."

Mzee akamkodolea macho, akaiweka ile kucha mezani, akaondoka akinung'unika kwamba katika maisha yake hajawahi kujibiwa hivyo. Tai, ambaye wakati huo alipaswa kuwa kwenye sinki, alikuwa amesimama kwenye korido na ndoo tupu.

"Mama Mashuka," aliita kwa sauti tamu, "mbona mkono mmoja una haya? Hebu uutoe umsalimie mwenzake."

"Nenda kafue, kitambaa cha shingo wewe."

Lakini kabla ya jioni kufika, nyingine iliganda kwenye ufunguo aliokuwa akimpa mgeni, nyingine ikadondoka kwenye chai yake mwenyewe, akainywa nusu kikombe kabla ya kuiona. Tai hakulaza habari. Bosi alikuja akiwa ameshika ile kucha ya foronya kwenye karatasi.

"Nikisikia nyingine imeingia kitandani kwa mgeni, mama, unarudi kwenye mabeseni. Na usiniulize."

Njia nzima kwenda nyumbani Mama Mashuka aliwatukana waliotengeneza gundi, viwanda vyao na bibi zao. Lakini mwisho wa njia ni mlango, na mlango ulikuwa wa Kidosho.

"Vitu vyako vibovu," alisema.

"Ulivibandika vipi?"

"Kama mtu. Nilisafisha mikono kwanza."

"Kwa?"

"Kwa maji ya moto na sabuni. Nikailoweka."

Kidosho alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Umezifua! Jamani, wifi yangu kazifua kucha!" Akajifuta machozi. "Sasa sikiliza, usinikate. Kucha inakunywa maji. Ukiloweka inavimba, huioni kwa macho lakini inavimba. Unaibandika ikiwa imevimba, baadaye inakauka inanywea, gundi inabaki imeshika nini? Na mafuta juu yake! Wewe nguo mpya ikinywea unaijua, mbona hii hukuijua?"

Mama Mashuka akazitazama kucha zake zilizobaki. Alikuwa anazijua nguo zinazonywea. Alishawatupia lawama wenye nguo miaka yote.

"Basi fanya unavyojua wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetoa jino.

Kidosho akaweka sharti. Tangu sasa mpaka asubuhi, maji mwiko. Hapiki, haoshi vyombo, hanawishi mtu. Akamkalisha dirishani, akazibandua zile zilizosalia, akazikwangua kidogo zile kucha zake nyembamba kwa msasa laini, akazifuta na spiriti, akangoja.

"Vidole vyenyewe," alisema, "kama vijiti vya kuchochea moto."

Halafu akaugeuza mkono, akaiona mipasuko ya kiganjani, na hapo hakutania tena. Akachagua kila kucha iliyoenea kidole chake, isiyobana pembeni, akaanza kuikandamiza kutoka shinani kwenda ncha, hewa isibaki chini. Alikuwa anaishikilia kila moja kwa muda mrefu, kama anayesikiliza mapigo.

"Na kazini vaa glavu," alisema mwishoni. "Zikiingia maji, vua, kausha mkono, uvae nyingine. Maji ya moto ndiyo yanayoilainisha gundi. Na usikwangue kitu kwa kucha, siyo koleo."

Mume alipika na kuosha vyombo. Mama Mashuka alikaa kwenye kiti mikono mapajani kama picha ya ukutani, midomo tu ndiyo iliyokuwa huru.

"Sahani ina mgongo pia, mume wangu. Nani kakuambia inaoshwa usoni tu?"

"Mhm."

Glavu zilikuwepo gesti muda wote. Alikuwa anazitumia kuwekea vibanio vya nguo. Asubuhi akavimwaga vibanio, akazivaa huku akisema kwamba ni kama kula pipi na karatasi yake. Alizivua, akakausha, akavaa nyingine, akatukana, akavua tena. Siku zikapita. Kucha hazikung'oka. Jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba ile mipasuko ilianza kufunga, na asubuhi moja alifunga kifungo cha gauni mwenyewe.

Ikafika siku ya mwisho. Tangu alfajiri maji yalikuwa yamekatika. Mchana Mama Mashuka akakaa mbele, na Tai, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kufulia, akajibweteka kwenye kiti cha wageni akingoja Bosi ashuke na uamuzi wake. Mara wakasikia mlio kutoka nyuma, shaaa, kama mvua juu ya bati. Maji yalikuwa yamerudi, na bomba la chumba cha kufulia lilikuwa wazi. Shuka lililoachwa kwenye sinki liliziba tundu, sinki likajaa, likafurika, na ulimi wa maji ukaanza kutambaa kwenye korido, ukielekea chumba cha mizigo ya wageni.

Mama Mashuka alikwishasimama. Mwili wake ulikuwa unaijua kazi hiyo kuliko kichwa. Alikuwa amekunja mkono mmoja wa gauni, amekwishaona ni beseni gani la kukinga na shuka gani la kuziba mlango, ndipo alipokitazama kidole chake. Kucha ile ya rangi ya maziwa. Akasita.

"Mama Mashuka, mbio!" Tai alikuwa hajanyanyuka hata kidogo, anatabasamu. "Maji hayo! Kazi yako hiyo!"

Na juu ya ngazi, mkono kwenye ukingo, Bosi alikuwa amesimama, anatazama.

Hapo Mama Mashuka akaelewa. Akiinama sasa, atayakausha maji vizuri, vizuri kuliko mtu yeyote, na kila mtu ataona kuwa mwanamke huyu mahali pake ni kwenye maji. Ataondolewa mbele kwa kusifiwa. Akaushusha mkono wa gauni, akaupiga pasi kwa kiganja.

"Tai. Nani alifungua bomba lile?"

"Mimi nilikuwa naangalia kama..."

"Uliangalia, ukaliacha wazi. Sasa vua viatu. Shuka kavu liko rafuni juu, lizibie mlango wa mizigo, kisha funga bomba, toa lile la kwenye sinki. Kwanza mlango, siyo bomba! Mlango! Kwani wewe unafikiri kwa tai?"

Tai akamtazama Bosi. Bosi alikuwa bado ameshika ukingo, anatazama. Tai akavua viatu. Akaingia majini na suruali yake ya pasi, akateleza, akashika ukuta, na Mama Mashuka akaendelea kumwongoza kutoka nyuma ya meza bila kusogea. Beseni chini ya sinki. Sukuma maji kwenye mfereji wa uani, siyo jikoni. Kamua kwa kusokota, unabembeleza nini, si mtoto huyo. Katikati ya hayo mgeni aliingia anataka chumba, akampa ufunguo, akamwonyesha ngazi, akamwomba aruke hapo penye unyevu, akarudi kwa Tai bila kuvuta pumzi.

Bosi akashuka ngazi ya mwisho, akainua gauni lake kidogo.

"Mbona wewe hukushika?"

"Kwa sababu niko mapokezi, Bosi."

Bosi akaitazama mikono iliyokaa juu ya meza, kucha zote zimo, kisha akaitazama korido, ambako maji yalikuwa yameishia kidole kimoja tu kutoka kwenye mizigo.

"Tai," alisema, "ukimaliza hapo, mpe mama ufunguo wa droo. Kesho uanze na mapazia ya juu."

Tai akasimama katikati ya korido, shuka linamchuruzikia miguuni. Mama Mashuka alikivuta kiti, akakaa, akamtazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, polepole, bila huruma hata punje.

"Na tai uivue," alisema. "Itakuingia kwenye beseni."